Ubavuni mwa Perlas

Foleni ya ofisi ya leseni hapa kwetu hupangwa na kandambili. Watu hufika kabla mlango haujafunguliwa, wanavua, wanazipanga jozi nyuma ya jozi mpaka chini ya ngazi, halafu wanakwenda kukaa peku kivulini na vikombe vyao vya kahawa, kumsema mkuu wa ofisi. Unaweza kuibiwa simu mahali pale, unaweza kuibiwa hata mume, lakini nafasi ya kandambili zako hakuna atakayeiruka. Ndiyo sehemu pekee ya manispaa inayokwenda kwa haki, na sababu yake ni kwamba hakuna ofisa anayeisimamia.

Jumatatu ile kandambili za Aling Nilang zilikuwa za nne. Ni za kijani, ya kushoto imeshikizwa kwa waya. Jina lake la kwenye karatasi ni Leonila Abrenica, lakini anayemwita hivyo ni padri peke yake, tena siku ya ubatizo wa wajukuu. Mtaani ni Aling Nilang, yaani Mama Nilang, muuza bibingka, mkate wa unga wa mchele, miaka sitini na sita, mfupi, uso umeiva kwa jua na moshi, na ubishi wa kuzaliwa nao. Alikuja kuchukua leseni yake ya mwaka. Wiki tatu nyuma alikuwa amepeleka bahasha yenye kila walichotaka: barua ya serikali ya mtaa, stakabadhi ya kodi ya kichwa, picha mbili, cheti cha afya. Hicho cha afya alikipata kwa kubeba choo chake kwenye kopo hadi maabara, akamkabidhi muuguzi na kumwambia, "Kipokee kwa adabu, mwenzio nimekipandia pikipiki."

Na juu ya vyote aliweka mchoro wa mahali anapouzia, maana mwaka huu walianza kudai mchoro. Aliuchora mwenyewe kwa kalamu ya risasi: barabara kuu, kanisa, uchochoro, na katikati sanduku kubwa lililoandikwa PERLAS. Ubavuni mwa sanduku aliweka msalaba mdogo. Ule msalaba ndiye yeye.

Zamu yake ilipofika, nyuma ya kioo alikuwepo Bwana Sarmenta mwenyewe, mkuu wa leseni, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikono inasimama peke yake.

"Aling Nilang, ombi lako limekataliwa."

"Limekataliwa na nani?"

"Na ofisi."

"Ofisi ni wewe na hilo feni. Nani kati yenu?"

Nyuma yake mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Bwana Sarmenta akapitisha karatasi chini ya kioo. Ilikuwa na mhuri mwekundu na sahihi yake ndefu yenye mkia, na katikati mistari miwili: Mahali palipotajwa hapapo. Hakuna kibanda kilichoonekana.

Aling Nilang akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi, akaisoma tena.

"Mimi niko pale miaka thelathini na tano."

"Umechora Perlas. Perlas iliungua mwaka themanini na tisa. Mkaguzi wangu amezunguka na mchoro wako asubuhi nzima, hakuna Perlas. Unataka aone mizimu?"

Mkaguzi mwenyewe alikuwa amekaa meza ya nyuma, msichana anaitwa Rowelyn, ameletwa kutoka kisiwa kingine, hana hata miezi miwili mjini. Aliinamisha kichwa juu ya faili. Baadaye ilijulikana kwamba alifanya kazi yake. Alifika asubuhi, wakati meza ya Aling Nilang imekunjwa na kufungwa kwa mnyororo kwenye dirisha la zamani la tiketi, na mwenyewe yuko sokoni anachagua majani ya mgomba. Akamuuliza mlinzi wa duka la rehani lililo palepale. Mlinzi naye alikuwa na wiki mbili kazini. Mgeni akamjibu mgeni.

Maana sisi wenyeji tunaelekezana kwa vitu vilivyokwisha. Tuna njiapanda ya Kiwanda cha Barafu, ambako barafu haijatengenezwa tangu mimi sijazaliwa. Tuna Kona ya Daktari, na daktari mwenyewe alihamia Kanada, akafia huko. Sinema ya Perlas imebaki ukuta mmoja wa ubavuni na dirisha lake la tiketi, lakini mwambie dereva yeyote wa hapa "nishushe Perlas," hakuulizi swali. Aling Nilang hakukosea kuchora. Alichora mji kama watu wanavyoukaa.

"Sikiliza, mama," Bwana Sarmenta akasema, akipunguza sauti kama mtu anayetoa zawadi. "Futa Perlas. Andika duka la rehani. Pale kuna duka la rehani, lina bango, linaonekana. Nitapokea mchoro mpya leo hii."

Aling Nilang hakuzaliwa jana. "Nikiandika duka la rehani, utanidai barua ya ruhusa ya mwenye duka."

"Ni kanuni. Anayeuza mbele ya biashara ya mtu sharti awe na ruhusa ya mwenye biashara."

"Na mwenye duka anataka niondoke apaki magari yake mawili. Ameshaniambia mara mbili. Unafikiri ataniandikia barua au ataniandikia shairi?"

"Hilo si la ofisi yangu." Bwana Sarmenta akaegemea kiti. "Ijumaa tunasafisha barabara. Asiye na leseni, kibanda kinavunjwa, vyombo vinachukuliwa. Mimi nimekuonyesha njia."

"Umenionyesha shimo," akasema Aling Nilang. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia kifuani, akatoka kutafuta kandambili zake.

Inafaa ijulikane kwa nini hakulifuta lile jina, kwa sababu wapo waliosema ni ukaidi wa uzee.

Alishuka kutoka vijiji vya mlimani akiwa na miaka kumi na saba, akaanza kuuza karanga za kukaanga mbele ya Perlas. Huko ndiko alikomkuta Urbano. Mji wakati ule ulikuwa na sinema mbili na picha moja. Mkanda wa kwanza ukiisha Perlas, Urbano anaufunga nyuma ya baiskeli, anaukimbiza sinema ya pili upande wa mto, anarudi kuchukua mkanda wa pili. Siku njia ikiwa na matope watu wa mtoni wanakaa gizani wakipiga miluzi, wakimtukana mtu wasiyemjua. Kila akipita mbio, Aling Nilang humrushia pakiti ya karanga, naye huidaka bila kushika breki. Walioana hivyo, kwa kurushiana.

Perlas iliungua mchana, watu wakatoka wote salama, na Urbano alikuwa njiani akiurudisha mkanda wa tatu. Alifika akakuta moshi. Mikanda iliyobaki iliungua ndani, na picha ile mji mzima haujui ilivyoisha mpaka leo. Ule mkanda walikaa nao nyumbani chini ya kitanda miaka mingi, hauna pa kuonyeshewa. Sinema ikafa, karanga zikakosa wanunuzi, naye akahamia kwenye bibingka palepale, chini ya dirisha la tiketi: unga wa mchele na tui juu ya jani la mgomba, chungu juu ya makaa, na makaa mengine yakapaliwa juu ya kifuniko. Kwa chungu hicho walisomeshwa watoto watatu. Urbano amekufa miaka kumi na moja sasa. Kwa hiyo mtu akimwambia Aling Nilang afute Perlas, aandike jina la mtu anayetaka kumfukuza, inamuuma, tena inamuuma mahali pamoja na msiba.

Alhamisi jioni alikuwa kibandani kama kawaida, lakini mkono ulioshika kipepeo cha makaa ulikuwa mzito. Pasing, muuza ndizi za kukaanga wa ng'ambo ya uchochoro, alikuja na kigoda chake, akaomba kuiona hiyo karatasi. Pasing ni mjane mwenzake, rafiki wa miaka ishirini na adui wa siku mojamoja.

"Hakuna kibanda kilichoonekana," Pasing akasoma kwa sauti ya padri. "Kumbe wewe jini. Ndiyo maana wateja wangu wanakimbilia kwako."

"Niache, Pasing. Kesho wanavunja."

"Wanavunja nini? Hapa wamesema hakipo."

Pasing alisema utani tu, akaendelea kutafuna ukoko wa bibingka ambao hakuulipia. Lakini kipepeo cha Aling Nilang kilisimama hewani. Akamnyang'anya karatasi, akaisoma upya, safari hii polepole, kidole kikipita chini ya kila neno mpaka kwenye ule mhuri mwekundu.

"Rudia ulichosema," akasema.

"Nimesema nini tena?"

"Basi. Usirudie. Una gundi?"

Ijumaa Aling Nilang alifunga kibwebwe, kwa maana zote mbili, akatandaza meza mapema kuliko siku zote. Ile karatasi aliitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe mafuta, akaibandika kwenye dirisha la tiketi, usawa wa macho ya mwanamume. Akawasha makaa. Wakati wa kumimina unga jani la kwanza likamwagika, akajitukana kimoyomoyo. Alikuwa anaogopa, tusidanganyane. Vyungu vyake viwili vya udongo vilifinyangwa na mzee aliyekwisha kufa, na wale vijana wa manispaa huwa wanavirusha garini kama mawe.

Gari lilifika saa tisa. Limeshapita kwa wachuuzi wa maembe na wa miwani, nyuma limejaa mbao na miavuli iliyovunjika. Akashuka Gorio, msimamizi wa kikosi, mtu mkubwa mwenye kifua cha gunia na sauti ndogo. Gorio amekula bibingka ya Aling Nilang tangu hajaota meno yote.

"Aling Nilang, shikamoo. Unajua kilichonileta."

"Marahaba, mwanangu. Sijui. Kimekuleta nini?"

"Kibanda, mama. Sina jinsi. Nisaidie tu kuzima moto, vyungu nitavibeba mwenyewe kwa mikono, sitavitupa."

"Kibanda kipi?"

Gorio akatazama meza, akatazama vyungu, akamtazama yeye. "Hiki."

"Soma hapo ukutani kwanza."

Akasoma, midomo ikienda. Vijana wake wawili wakaja kusoma nyuma ya mabega yake. Ng'ambo, Pasing akaacha kukaanga. Watu waliokuwa wanangoja bibingka hawakuondoka, waliongezeka.

"Hii sahihi ya bosi," Gorio akasema.

"Na mhuri wake. Ofisi yenu imekuja, imetafuta, imeandika hapa hakuna kibanda. Sasa wewe unataka kuvunja kitu ambacho bosi wako ameapa hakipo? Utamfanya mwongo, Gorio. Mimi simo."

"Mama, usinitie kwenye matatizo."

"Sikutii popote. Una fomu ya kuchukua vyombo, si unayo? Toa. Jaza. Mimi nitatia sahihi, sitapiga kelele. Ila andika vizuri umevichukulia wapi."

Gorio akaona hapo hakuna ubaya. Akatoa kitabu cha fomu, akakiweka juu ya paja, akajaza tarehe, akajaza jina, akajaza vyungu viwili, meza moja, mwavuli mmoja. Akafika kwenye mstari wa mahali. Akaandika bila kufikiri, kama ambavyo ningeandika mimi, kama ambavyo angeandika mtu yeyote aliyezaliwa hapa: Ubavuni mwa Perlas. Kisha kalamu ikasimama. Akainua macho kwenye karatasi ya ukutani, akayashusha kwenye fomu yake, akayainua tena.

"Malizia," Aling Nilang akamwambia kwa upole. "Umechukua vyombo visivyokuwepo, mahali pasipokuwepo. Halafu mjibuane wenyewe huko ofisini."

Kicheko kilianzia kwa Pasing kikasambaa. Gorio hakucheka, jasho lilikuwa linamtoka. Akachukua simu, akampigia mkuu wake, na kwa kuwa mkono mmoja umeshika kitabu, akaiweka kwenye kipaza sauti.

"Bosi, tumekwama huku."

"Uko wapi?" Sauti ya Bwana Sarmenta ilisikika uchochoro mzima.

"Kwa Aling Nilang, bosi."

"Kwa hiyo uko Perlas. Basi nisubiri hapo Perlas, nakuja sasa hivi."

Sijui kama nimewahi kusikia watu wazima wakicheka vile mchana wa Ijumaa. Mwanamke mmoja alilazimika kukaa chini. Aling Nilang peke yake hakucheka. Aligeuza bibingka, akapaka siagi, akapalia makaa upya, akangoja.

Bwana Sarmenta alikuja na Rowelyn nyuma yake, faili kifuani. Mwenye duka la rehani naye akatokeza, akasimama kwenye kona, funguo za gari mkononi.

"Haya maigizo yaishe," Bwana Sarmenta akasema. "Gorio, pakia."

Gorio hakusogea. "Bosi, naandika mahali gani kwenye fomu?"

"Andika..." Watu wote waliokuwa pale walimwangalia mdomo.

"Mwambie, bosi," akasema Aling Nilang. Alifuta mikono kwenye aproni, akasogea mpaka akawa chini ya kidevu chake, maana kimo chake kinaishia hapo. "Mwambie hapa ni wapi. Umefika bila kuuliza njia. Kama hapa pana jina, basi na mimi nipo, na ombi langu ulilikataa kwa uongo. Kama hapana jina, basi panda gari lako urudi, usinizibie wateja. Moja kati ya hayo. Mimi sifuti kitu. Nimezika mume, nimesomesha watoto, nimebeba hata choo changu kukuletea. Umeshachukua vya kutosha."

Bwana Sarmenta akawa mwekundu kuanzia kwenye kola. Kuichukua karatasi ile ukutani kungekuwa kukiri. Kuiacha kungekuwa kukiri zaidi. Mwenye rehani akaita kutoka kwenye kona, "Pale ni mbele ya duka langu."

"Mlango wa duka lako uko barabara kuu," Pasing akamjibu, kijiko cha mafuta mkononi. "Huku ni ukuta wa Perlas. Au na wewe ulikuwa unauza tiketi?"

Aliyesogea mbele hapo alikuwa Rowelyn. Alifungua faili lake, akatoa ule mchoro wa kalamu ya risasi, akaugeuza mpaka kanisa likakaa upande wa kanisa na uchochoro ukalala kwenye uchochoro. Akautazama ukuta wenye dirisha la tiketi muda mrefu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua anaweza kukosa kazi.

"Nilikuja asubuhi," akasema. "Nilimuuliza mtu mmoja tu, na yeye ni mgeni kama mimi. Kosa ni la ripoti yangu, mkuu. Mchoro uko sawa." Akaweka faili juu ya meza ya Aling Nilang, katikati ya unga, akakata ile mistari miwili kwenye nakala ya ofisi, akaandika juu yake kwa herufi za shule: Kibanda kipo, ubavuni mwa Perlas. Akatia sahihi. Kisha akamgeuzia mkuu wake kalamu.

Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea, na Bwana Sarmenta si mjinga. Alitia sahihi haraka, mkia na yote, akamwambia Gorio wasichelewe tena, kazi bado nyingi. Leseni ilitoka Jumanne. Rowelyn aliileta mwenyewe, akakaa kwenye kigoda cha Pasing, akala bibingka mbili, na siku hiyo ndipo alipojua sinema ilikuwa inaonyesha nini ilipoungua, na kwamba mwisho wake haujulikani.

Leseni ni ya mwaka mmoja. Mwezi wa kwanza uliofuata kandambili zikapangwa tena mpaka chini ya ngazi, zile za kijani zikiwa za sita. Bwana Sarmenta alikuwa nyuma ya kioo, shati limenyooka, akipokea bahasha moja baada ya nyingine na kuchomoa mchoro wa kila mtu. Wa kwanza alikuwa mchuuzi wa miwani. Alikuwa amechora barabara, na katikati sanduku kubwa limeandikwa PERLAS. Wa pili muuza maembe, PERLAS. Pasing, PERLAS, na mshale. Wa tano anauza samaki kule upande wa mto, kilomita mbili kutoka uchochoro wetu, na yeye alichora mto, daraja, na pembeni ya karatasi, mbali kabisa, sanduku. Duka la rehani halikuwemo kwenye mchoro wa mtu yeyote.

Aling Nilang alipofika dirishani alipitisha bahasha yake chini ya kioo. Bwana Sarmenta alichomoa mchoro, akauangalia, akauweka juu ya ile mingine.

"Mwaka huu umelichora kubwa zaidi," akasema.

"Lilikuwa kubwa," akasema Aling Nilang. "Piga mhuri."